Na, au Kisha

Hati nyingi za wakfu nilizopata kuzishika hapa Mombasa huanza kwa jina la Mwenyezi Mungu na huishia kwa masikini. Ugomvi wote umo katikati. Hapo katikati ndipo mwenye nyumba, au mwenye shamba la minazi, alipotaja nani atakula kodi, na nani atamfuata huyo, na nani atamfuata yule. Mimi nilikuwa karani wa mawakili. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa na kupeleka faili kortini, na kwa kuwa nilisomeshwa chuoni na herufi za Kiarabu hazinitishi, nikawa pia msomaji wa hati za wazee wa watu. Mtu huja na karatasi imekunjwa mara nne, karatasi imo ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko umo ndani ya kopo la biskuti. Anataka nimwambie jambo moja tu: "Sisi tumo?"

Asili ya wakfu kila aliyekaa chuoni anaijua. Umar bin Khattab alipata ardhi Khaybar, akamwendea Mtume kutaka shauri, akaambiwa akipenda aizuie ardhi yenyewe na mapato yake ayatoe sadaka. Umar akaifunga: isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi. Halafu akataja wa kula: mafukara, jamaa zake, watumwa wa kukombolewa, njia ya Mungu, msafiri, mgeni. Msimamizi akaruhusiwa kula kwa wema bila kujirundikia. Na msimamizi mwenyewe akatajwa kwa jina, Hafsa, binti yake Umar, na baada yake mwenye busara katika watu wake. Nikiisoma orodha ile kwa jicho la karani, naona mtu aliyekaa chini akajiuliza kila swali kabla hajaulizwa.

Huku pwani wakfu ulikuja na Uislamu wenyewe, ukajenga visima, misikiti, birika za kutawadhia na vyuo. Hata minazi michache iliweza kuwekwa wakfu ili mafuta yake yawashe taa za msikiti. Tena kwetu mti ni kitu mbali na ardhi mbali. Nyumba yaweza kuwa yako na kiwanja kikawa cha mwenzio, na kila kimoja kikawekwa wakfu kwa njia yake. Watu wa bara huona ajabu. Lakini wakfu uliojaza makabati ya mawakili si wa taa wala kisima. Ni wa familia, ule ambao mtu humwekea mwanawe, mjukuu wake, na wajukuu atakaokufa hajawaona.

Kwa nini asiache mirathi ifanye kazi yake? Kwa sababu mirathi ya Kiislamu haimwachii mtu nafasi kubwa ya kuchagua. Mafungu yamekwisha kukatwa. Mjane wa mume aliyeacha watoto hupata thumuni, na binti hupata nusu ya kaka yake. Wasia hauvuki thuluthi ya mali, wala humwusii mrithi wako ila warithi wenzake waridhie. Na zawadi anazozitoa mtu akiwa katika ugonjwa wa mauti nazo huhesabiwa ndani ya thuluthi hiyo hiyo. Sasa tazama nani anabaki nje. Mjukuu aliyefiwa na baba hali ami zake wapo hai, haambulii kitu. Mtoto wa kulea, hivyo hivyo. Suria hakuwa mke, basi hakumrithi bwana, ingawa mwana aliyezaa na bwana huyo alirithi sawasawa na ndugu zake. Na mtumwa aliyeachwa huru ndiye kichekesho cha uchungu: yeye akifa bila warithi wa damu, bwana wake wa zamani humrithi, bwana akifa, yeye hapati hata pishi ya mtama.

Wakfu ulipita mlango mwingine. Mtu akiwa mzima na akili zake timamu, aliweza kuitoa nyumba mikononi mwake na mapato yake akampa amtakaye. Sharti aitoe kweli, leo, si siku atakayokufa. Kwa mafakihi wa Kishafi, ambao ndio wa Waswahili walio wengi, huwezi hata kujiwekea wakfu nafsi yako. Kwa hiyo aliyeandika hati alikuwa anajivua kitu angali anapumua. Nadhani ndiyo sababu hati zile zina uzito ambao fomu zetu za leo hazina. Kalamu ilikuwa inauma papo hapo.

Waliobaki nje ya mirathi wakaingia kwa mlango huo. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na katika hati za miongo ile, za Unguja hasa, mahuru wametajwa sana: chumba, kipande cha shamba, au kiwanja cha kujenga kibanda, wao na vizazi vyao. Ardhi ya Ng'ambo ya mji wa Unguja, sehemu yake kubwa, ilikaliwa kwa ruhusa za namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaazi wa Ng'ambo walipogoma kulipa kodi ya viwanja, moja ya mambo yaliyowatia ukali ni kwamba wenye ardhi wa zamani hawakuwa wakiwatoza. Nani aliyetajwa, na kwa haki gani, lilikuwa swali la mtaa mzima.

Na kuna jambo ambalo mabinti wengi wanaokuja na hati hawalijui mpaka uwaonyeshe. Katika wakfu, mwekaji asiposema lolote, mwanamume na mwanamke hugawana sawa. Ile kanuni ya mwanamume kupata mafungu ya wanawake wawili ni ya mirathi. Kwenye wakfu haiingii ila iandikwe. Kwa hiyo kulikuwa na wazee waliopenda mabinti zao na wakawasawazisha kwa kunyamaza tu. Wapo pia walioutumia mlango huo huo kinyume chake: wakaweka wakfu kwa wana wa kiume peke yao, binti akakosa hata ile nusu aliyopewa na Qur'ani. Hati za namna hiyo nimezisoma mbele ya mabibi wazima waliojitanda buibui zao wakisubiri jibu, na sijui hati ninayoichukia kuliko hizo.

Hati ninayoijua kuliko zote ni ya nyumba ya kwetu, mtaa wa Kuze, Mji wa Kale. Aliyeiweka ni mama yake bibi yangu. Ni nyumba ya mawe na chokaa, ghorofa moja juu, boriti za mikoko zilizopakwa chokaa, baraza mbele, na chumba cha chini chenye mlango wa barabarani ambacho siku zote kimekuwa duka. Kodi ya duka hilo ndiyo mali inayozungumzwa. Hati ni karatasi moja ya Kiarabu, ya mwaka 1331 wa Hijria, yaani karibu na 1913, mwandiko wa karani wa kadhi, mzuri kuliko wangu. Bibi yule hakujua kusoma Kiarabu. Alisema kwa Kiswahili, karani akaandika alivyoelewa, ikasomwa, mashahidi wakatia mikono yao. Alikuwa na watoto watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Aliweka wakfu kwa watoto wake na watoto wa watoto wake na dhuria yao, kizazi baada ya kizazi, na wakimalizika wote, kwa masikini wa mtaa.

Kwa masikio ya mtu wa kawaida, maneno haya yana utaratibu: watoto kwanza, wakiondoka waingie wajukuu. Kwa masikio ya fakihi hayana. Kitabu ambacho makadhi wa Lamu, Mombasa na Unguja wamekitegemea vizazi na vizazi ni Minhaj cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, na katika mlango wake wa wakfu suala hili limewekwa wazi kabisa. Ukisema "wanangu na wana wa wanangu", umewasawazisha wote, mkubwa kwa mdogo, baba na mwanawe wanasimama safu moja. Hata ukiongeza "kizazi baada ya kizazi", Nawawi anasema hali ni ile ile. Ukitaka utaratibu, useme "wanangu, kisha wana wa wanangu, kisha wana wao". Yaani nyumba nzima, na amani ya watu waliomo, imening'inia kwenye tofauti ya *wa* na *thumma*, yaani *na* na *kisha*.

Ikawaje kwetu? Mtoto wa kwanza hakujaaliwa mtoto. Wa pili alizaa tisa. Wa tatu, ambaye ndiye bibi yangu, alizaa wawili. Kodi ya duka ikagawanywa kwa vichwa, vichwa kumi na vinne. Upande wa babu wa pili wakabeba mafungu kumi, sisi matatu, na yule kaka mkubwa, aliyekuwa akilipia chokaa ya kuta kutoka mfukoni mwake, fungu moja. Alipokuwa akipokea senti zake alikuwa akisema, "Na wangu watoto ni hizi kuta." Ugomvi uliofuata ulidumu kuliko walioanza nao, na hadi leo kuna harusi za kwetu ambazo upande mmoja hufika usiku wa kesha na mwingine hufika mchana, wasikutane.

Bila shaka utasema angeandika *kisha* yangekwisha. Yasingekwisha, yangegeuka. Kwa *kisha*, wale watoto watatu wanakula peke yao. Akifa mmoja, fungu lake huwaendea wawili waliobaki, si watoto wake. Akifa wa pili, wa mwisho hula zote. Yatima wa aliyetangulia kufa hukaa barazani kwa ami yake akingoja kizazi kizima cha juu kimalizike, na pengine hufa kabla zamu haijamfikia. Nimeona hati ya hivyo pia, ya shamba la minazi upande wa Kisauni, ambapo ajuza mmoja wa mwisho wa tabaka lake alikula mapato yote na wapwa wake wenye mvi wakimwombea dua ambazo sitazieleza.

Waandishi hodari wa hati walijua mitego yote miwili, wakaweka kifungu cha tatu: kila atakayekufa na kuacha mtoto, fungu lake ni la mtoto wake, atakayekufa bila mtoto, fungu lake ni la walio tabaka moja naye. Hapo wakfu huteremka kwa matawi. Fungu la baba linabaki kwa wanawe hata wakiwa tisa, na nyumba yenye mtoto mmoja haimezwi na nyumba yenye watoto tisa. Kifungu hicho hakizidi mstari mmoja na nusu wa Kiarabu. Ukikikuta kwenye hati ya kale ujue aliyeiandika alimwuliza mteja wake maswali, hakuandika tu alichoambiwa. Mpaka leo mimi humpima karani kwa mstari huo.

Kuna mengine madogo madogo ambayo yamekula mapesa mengi ya mawakili. Ukiandika "wanangu" tu ukaishia hapo, kwa kauli yenye nguvu katika kitabu, wajukuu hawamo. Watoto wako wakishakufa wote na hakuna aliyetajwa baada yao, mapato humwendea aliye karibu nawe zaidi kwa tumbo, si kwa mirathi. Kwa hiyo mtoto wa binti humtangulia mtoto wa ami. Ukiandika "dhuria", watoto wa mabinti wanaingia, ila uongeze sharti la wale wanaonasibika kwako. Na sharti hilo likiandikwa na mwanamke ni fumbo, kwa maana wanawe mwenyewe hunasibishwa kwa baba zao. Nimeshuhudia mawakili wawili wa ukoo mmoja, mmoja kwa kila upande, wakipigania sharti hilo mbele ya kadhi mpaka adhana ya adhuhuri ikawaachanisha.

Jina lililosahauliwa mara nyingi kuliko yote lakini si la mlaji. Ni la msimamizi. Mwekaji akimtaja msimamizi, hufuatwa. Asipomtaja, usimamizi ni wa kadhi. Kwa karne nyingi hilo halikuwa na ubaya, kadhi alikuwa mtu wa mtaa, akijua paa gani linavuja. Ila mwaka 1895 Uingereza ikatangaza himaya, na pale palipokosa jina, serikali ikapata pa kuingilia. Mwaka 1900 ikatungwa sheria ya kuwaweka makamishna wa wakfu katika himaya yetu; Unguja wakapata tume yao mwaka 1905, makadhi wakikaa meza moja na maofisa wa Kiingereza. Wakfu uliokuwa na msimamizi aliyetajwa ulikuwa na mtu wa kuusemea. Uliokosa ukawa faili. Tena mwaka 1908 ikaja sheria ya hatimiliki za pwani, kila mwenye ardhi aende kwa msajili adai chake. Aliyekuwa na msimamizi macho alikwenda. Wengine waliona kiwanja cha babu yao kimeandikwa Ardhi ya Serikali.

Wamazrui wa Takaungu njia yao ilikuwa ya peke yake: mwaka 1914 ikatungwa sheria maalumu ya kuishika ardhi yao kwa amana kwa ajili ya ukoo wao, na mwaka 1989 Bunge likaifuta kwa sheria nyingine. Hayo yana habari ndefu na wenyewe wapo, wataisimulia vizuri kuliko mimi.

Pigo kubwa zaidi kwa wakfu wa familia lilitoka mbali, Bengal. Mwaka 1868 ndugu wawili wa huko waliweka wakfu kwa watoto wao na vizazi vyao, na kizazi kikikatika, kwa wajane, mayatima, ombaomba na masikini. Kesi ikapanda mpaka Baraza la Faragha la ufalme wa Uingereza, London, korti ya mwisho ya makoloni, na mwaka 1894 mabwana wale wakaamua kwamba hapo hapakuwa na sadaka. Masikini, walisema, wamewekwa mbali mno. Hawatafikiwa ila ukoo wote ufe. Kwao kutajwa kwa masikini kulikuwa ni pambo tu la kufichia mali ya familia isiguswe milele.

Sitawatetea wawekaji wote. Nimesoma hati ambazo ziliandikwa wiki moja kabla ya mdai kufungua kesi, na mwandishi wake hakuwa akimfikiria masikini yeyote ila nafsi yake. Lakini majaji wale walipitwa na jambo ambalo mtoto wa chuoni analijua: kumlisha jamaa yako ni sadaka. Umar aliwataja jamaa zake kwenye mstari mmoja na mafukara. Na huyo masikini wa mwisho hakuwa pambo. Ndiye aliyeufanya wakfu usiwe na mwisho, maana watu hukatika, masikini hawakatiki.

Wahindi hawakukubali. Muhammad Ali Jinnah, wakati huo wakili kijana wa Bombay, aliupigania mswada katika baraza la kutunga sheria, na mwaka 1913 ikapita sheria ya kuhalalisha wakfu wa familia. Huku kwetu sheria hiyo haikufika. Tulikuwa tumeletewa sheria nyingi za Kihindi kwa jumla, kama mtu anunuavyo shehena, ila hiyo iliyotufaa haikuwemo. Kwa hiyo kwa miaka mingi Mombasa ilikuwa na mambo mawili: kadhi anahalalisha hati asubuhi, na hati hiyo hiyo ikipelekwa kwa majaji wa Kiingereza inaweza kutupwa alasiri.

Tena majaji hao wakitaka kujua Nawawi amesema nini, hawakumwuliza kadhi aliye hatua mia chache kutoka kortini. Walifungua Minhaj ya Kiingereza, iliyochapishwa London mwaka 1914, ambayo mfasiri wake, E. C. Howard, aliitoa katika Kifaransa cha L. W. C. van den Berg, Mholanzi aliyeichapisha Batavia. Maneno ya bibi wa Kuze yalitoka Kiswahili yakaingia Kiarabu, na hukumu juu yake ikatoka Kiarabu kwa njia ya Kifaransa mpaka Kiingereza. Mimi sishangai kwamba walikosa. Nashangaa kwamba mara nyingine walipata.

Jambo hilo lilifika kilele katika kesi ya Bakhshuwen, kesi ya Kenya iliyomo katika ripoti za sheria za London. Baraza la Faragha likaishika ile kauli ya 1894 na kuiteremsha juu ya Afrika Mashariki: wakfu wa familia ambao masikini wake yuko mbali ni batili. Wakili aliyenifunza kazi alikuwa kijana wakati huo, na alikuwa akisema kwamba habari ilipoenea Mji wa Kale watu walizitoa hati masandukuni kama watu waliosikia noti zinabadilishwa. Dawa yake ilikuwa sheria mpya ya Kenya ya makamishna wa wakfu, ya mwaka 1951, ambayo ilitamka kwamba wakfu kwa familia, watoto, vizazi na jamaa ni halali mradi umetimiza masharti mengine ya sheria ya Kiislamu. Sheria hiyo ndiyo niliyoikuta nilipoanza kazi, kurasa chache, nakala ya ofisi imechakaa pembe zake kwa vidole.

Ajabu ni kwamba wakati sisi tunaufufua wakfu wa familia, wengine Waislamu walikuwa wanauzika kwa hiari yao. Syria iliufuta mwaka 1949, Misri ikafuata mwaka 1952 baada ya mapinduzi. Sababu zao nazielewa. Nyumba moja ya Cairo ilikuwa na walaji ambao hakuna chumba cha nyumba hiyo kingeweza kuwakusanya, na hakuna hata mmoja ambaye fungu lake lilitosha kumtuma kununua kopo la rangi. Ya Kuze inaelekea huko huko. Orodha ya mwisho niliyoiandika ya walaji wetu ina watu Mombasa, Malindi, Dar es Salaam, Muscat na Toronto, na wa Toronto gharama ya kumtumia fungu lake ni kubwa kuliko fungu. Msimamizi wetu wa sasa, binti wa binamu yangu, amewaomba wote waache mafungu yao kwa miaka mitano yatengeneze paa. Wengi wamekubali. Mmoja amekataa, na haki yake imo kwenye hati.

Hati mpya za wakfu wa familia siku hizi ni chache. Zilizoshika nafasi yake ni fomu: ya sacco, ya bima, ya pensheni, ya benki. Hapo kwenye mstari wa "mrithi" mwenzetu huandika jina la kwanza linalomjia, mara nyingi siku ya kwanza ya kazi, akiwa na haraka ya kupewa kitambulisho, na hasahihishi tena. Nimewapokea wajane waliokuta jina la mtalaka. Nimempokea mama mzee aliyetajwa na mwanawe akiwa kapera wa miaka ishirini na mbili. Mwanawe amekufa ameacha mke na watoto wanne, na hundi imetoka kwa jina la mama peke yake. Mama yule alikuwa mwadilifu, alimbeba mkwewe wakaenda pamoja benki. Si kila mama hufanya hivyo.

Kwa sheria ya Kenya ya vyama vya ushirika, pesa za sacco humwendea aliyetajwa na hazipiti kwenye mirathi. Masheikh wengi niliowasikia wanasema, kwa Mwislamu, huyo aliyetajwa ni mpokeaji tu, amana iko mikononi mwake, aigawe kwa faraidhi. Tangu mwaka 1990 sheria ya urithi ya Kenya imewatoa Waislamu wafuate yao, lakini fomu ya sacco haiulizi dini. Kwa hiyo mjane ana karatasi inayosema zote ni zake, na ami za watoto wana aya. Wote wawili huja kwangu na kopo la biskuti, siku hizi ni bahasha ya kaki, na wote huuliza swali lile lile la zamani.

Mpwa wangu amepata kazi kwenye ofisi moja hapa mjini, na juzi alikuja na fomu zake nimsaidie kujaza. Hana mume, hana mtoto, ana mama na wadogo wawili. Nikamwuliza nani wa kwanza, akasema mama. Nikamwuliza, mama akitangulia? Akafikiri, akasema wadogo zake, sawasawa. Na mmoja wao akifa akaacha mtoto? Akacheka, akaniambia mdogo wake mwenyewe bado yuko kidato cha pili. Nikamwambia aandike hata hivyo.

"Mjomba, lakini hapa pana mstari mmoja tu."

"Basi kaombe karatasi nyingine."